Kabati Nililolikata Kama Gauni

Nyumbani kwa baba yako,
Chumba cha kufulia.
Jumapili, tarehe 28 Juni.

Mpendwa mke mwenzangu mdogo,

Pokea salamu zangu kabla hujapokea ukali wangu, maana vyote viwili vimo humu ndani na sitaki vigombane njiani. U mzima? Kile kifua kilichokuwa kinakubana wakati wa baridi kimepona, au bado unakificha? Unakula, au unakunywa chai ukiwa umesimama kama mtu anayekimbiwa na gari? Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanung'unika kama kawaida yake, nimelizoea kama nilivyowazoea nyinyi. Mkono umetolewa plasta. Umekonda, ukiutazama utadhani nimeuazima kwa mtu, lakini kazi unafanya. Ukiona herufi zimelala, jua ni mkono, si akili.

Kwanza nikugombeze nimalize. Kila nikikuletea salamu unanijibu kwa vile vipicha vyako vya sura inayocheka. Mimi sikumzaa baba yako ili nije kujibiwa na kikaragosi. Kalamu haiumi. Mimi niliyeishia darasa la nne naandika kurasa nzima. Wewe uliyesoma mpaka ukavaa miwani, andika hata nusu.

La pili ndilo lililonikalisha hapa. Nilipoanguka, baba yako alipokupigia simu, mimi nilikuwa kitandani na masikio yangu yalikuwa hayajavunjika. Nilikusikia. Ulisema, "Bibi apumzike sasa." Mke mwenzangu, wanaoambiwa wapumzike ni wale tuliokwisha kuwafukia. Mimi bado natembea. Sasa nakusimulia yaliyofuata baada ya neno lako hilo, kisha ulirudishe ulikolitoa.

Chumba chetu cha kufulia unakijua. Rafu ni ile moja tu, na iko juu mbinguni. Aliyeipigilia pale hajawahi kufua hata soksi. Sabuni ya unga juu huko, dawa ya madoa chini nyuma ya mashine, vibanio kwenye mfuko nyuma ya mlango, pasi mahali penye maji. Mashine nayo ikianza kukamua hutetemeka nyumba nzima ikasikia, chupa zinatembea zenyewe mpaka ukingoni, zinajirusha. Siku ile nilipindua ndoo nikapanda juu yake, sabuni nikaifikia, ndoo ikateleza. Mama yako alinikuta nimelala sakafuni nimejaa unga kama mkate unaongoja tanuri, na paketi nimeishika. Sikuiachia. Hilo hawakukwambia kwenye simu.

Basi wakakaa kikao. Kikao cha mambo yangu, mimi niko chumba cha pili! Uamuzi ukaja: mlango wa chumba cha kufulia utafungwa, ufunguo utakaa mfukoni mwa baba yako, na atatafutwa mtu wa kuja kufua. Mama ameshafanya kazi ya kutosha, ati. Nikauliza, atafua kwa mikono gani huyo mtu? Itakuwa mipya? Kwa wiki tatu nikawa nakaa sebuleni kama saa ya ukutani: ninatazamwa, sigusi kitu. Wakipita ananiuliza huyu, "Mama, uko sawa?" Ananiuliza yule, "Mama, uletewe mto?" Mto! Nilikuwa nasikia mashine ikilia mle ndani, mama yako akiiendesha baada ya kazi, nguo za rangi amezichanganya na nyeupe, nami siruhusiwi hata kupiga kelele. Mashati ya baba yako yakawa na rangi ya ukungu. Nikasema moyoni, hapa nikinyamaza nimekwisha. Leo ni chumba cha kufulia, kesho ni jiko, keshokutwa nitaoshwa mimi.

Nikamwita baba yako. Nikamwambia, aliyezeeka si mimi, ni chumba. Mtu hahitaji kupanda ndoo kama vitu vyake viko mahali pake. Nipe kabati, kabati la plaiwudi la kwenda ukuta mzima, nalipanga mwenyewe, halafu uone.

Akasema, "Mama, tatizo si kabati."

Nikamwambia, "Wewe ulianguka baiskelini mara sita. Nilikunyang'anya baiskeli?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Tukapatana hivi, na nikamlazimisha aandike nyuma ya kalenda na kutia sahihi: Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu nifue mzigo wote wa nyumba, toka kwenye kapu mpaka kwenye pasi. Nisipopanda kitu chochote, ufunguo ni wangu na maneno ya mtu wa kufua yafe. Nikipanda hata tofali moja, mtu analetwa, na mimi nakaa sebuleni bila kunung'unika. Hilo la bila kunung'unika ndilo aliloandika kwa herufi kubwa.

Sasa sikiliza jinsi nilivyopanga, maana hapa ndipo raha ilipoanzia.

Nilisimama nimeegemea ukuta, viatu vimevuliwa. Nikainua mkono wangu mzima mpaka pale unapofika bila kujinyoosha, nikamwambia mama yako apige mstari wa chaki ukutani, usawa wa kiganja. Kisha nikaushusha mkono mpaka pale unapofika bila kuinama, akapiga mstari wa pili, kidogo juu ya goti. Nikamwambia, umeona? Katikati ya mistari hii miwili ndiyo nchi yangu. Kila ninachokishika kila siku kinakaa humo. Sabuni, dawa ya madoa, vibanio, pasi, sindano na uzi wa kushonea vifungo. Chini ya mstari ni ndoo na mabeseni. Juu ya mstari ni masanduku ya safari na viatu vya mvua, vitu vya watu warefu.

Halafu nikakata. Unajua mimi michoro ya mafundi siijui, ile ya mistari na tarakimu. Ninachokijua ni kukata. Miaka arobaini nimekatia watu magauni, na gauni siliwekei mkasi mpaka nilikate kwanza kwenye gazeti. Basi nikachukua futikamba yangu ya kushonea, nikakata kabati zima kwa magazeti: mbavu mbili, kichwa, kitako, mgongo, rafu nne na milango miwili. Kila kipande nimekiandika jina lake. Nikavibandika ukutani kimoja kimoja. Mama yako akatoka kazini, akasimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Mama, unaushonea ukuta gauni?"

"Ndiyo, na litaukaa."

Kumbe neno hilo lingenirudia.

Fundi niliyempata ni yule seremala wa mtaa wa pili wanayemwita Bubu. Si bubu kweli, ni mchoyo wa maneno. Ukimsalimia anakujibu kwa nyusi. Nilimpenda papo hapo. Fundi anayesema sana hukata kwa mdomo. Nikamkabidhi magazeti yangu nimeyakunja vizuri. Akayatandaza juu ya benchi, akayazunguka kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua.

"Vipimo ndivyo hivi hivi?"

"Fundi, mimi nimeanza kukata wewe hujaota meno. Fuata gazeti. Usiongeze, usipunguze."

Akafuata. Mke mwenzangu, nilikwenda pale karakana kila siku, nimebeba kiti changu. Plaiwudi sikuwa naijua kwa karibu. Kumbe si ubao mmoja, ni karatasi nyingi za mbao zimegandishwa, moja imelala hivi, ya juu yake imelala vile, kila moja na upande wake. Nikasema, hii ni familia yetu hasa. Tofauti ni kwamba hapa wametia gundi. Bubu akatikisa mabega, nadhani alicheka. Nilimpigisha msasa kingo zote mpaka nilipopitisha soksi juu yake bila kunasa uzi. Rafu moja aliisugua kwa haraka, nikamrudishia. Akanitazama. Nikamtazama. Akaisugua tena.

Alhamisi akaleta mbao kwa mkokoteni. Tukaingiza kipande kimoja kimoja, maana kabati zima lisingepita mlangoni, tukaliunga humu humu likiwa limelala. Skrubu zikaingia vizuri, pembe zikakaa, nikawa naimba. Baba yako alikuwa nyumbani siku hiyo, akaja kutushika mkono kulisimamisha. Tukahesabu tatu, tukaliinua.

Halikuingia.

Ukuta ule, kama unakumbuka, upande mmoja una bomba la maji na upande wa pili fremu ya mlango. Kabati lilinasa katikati ya bomba na fremu, mguu mmoja hewani, kama mtu mnene kwenye kiti cha mtoto. Tukalisukuma, bomba likalia. Nikamgeukia Bubu nikamshushia mvua. Nilisema mengi, mengine siyaandiki. Nilimwuliza kama alipimia macho. Nilimwuliza aliyemfundisha kazi ni nani, nikamsalimie. Baba yako akawa anatazama saa yake na kutazama ukuta, na nikamwona usoni jinsi alivyokwisha kunihurumia. Huruma ile ndiyo iliyoniuma kuliko mkono.

Bubu akachukua bisibisi. Akafungua skrubu, akatoa rafu moja, akaiweka sakafuni, akalitandaza gazeti langu juu yake. Lilikaa kama ngozi juu ya ngoma. Halikuzidi, halikupungua.

Ndipo nikaona.

Aliyewahi kukata nguo anajua kwamba hukati pale mtu anapoishia. Unaacha upana wa kidole pembeni, kwa ajili ya mshono. Bila hiyo nguo ikishonwa inabana. Mimi sikufikiri kuacha, mke mwenzangu. Mkono wenyewe uliacha. Miaka arobaini haijui kama leo ni kitambaa au ni plaiwudi. Kila kipande cha kabati lile, juu, chini, kushoto, kulia, nilikiachia kidole kimoja cha mshono. Na mbao haikunjwi ikashonwa kwa ndani. Kabati zima likawa limezidi vidole viwili.

Baba yako akauliza, "Sasa kosa liko wapi?"

Na Bubu, mtu niliyetoka kumtukana mpaka mwalimu wake, akafuta mikono kwenye suruali akasema, "Ni mimi, mzee. Nilipima vibaya."

Nakwambia kweli, ulimi wangu ulitaka kunyamaza. Kungekuwa rahisi. Fundi amebeba lawama mwenyewe, bibi kizee amebaki na heshima yake, mkataba labda ungeongezewa wiki. Lakini nikajiuliza, nikishinda Jumamosi kwa namna hiyo nitakuwa nimeshinda nini? Ufunguo wa chumba chenye uongo ndani yake? Nikasema, "Muongo huyu. Nimekosea mimi. Nimeliachia kabati nafasi ya mshono." Nikawaeleza. Na Bubu nikamwomba radhi hapo hapo mbele ya mwanangu, jambo ambalo babu yako, mume wetu, Mungu amrehemu, alilingojea maisha yake yote hakulipata.

Weee! Bubu alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka kwa sauti kama mlango usiotiwa mafuta. "Bibi," akasema, "basi tungelitia na mapindo!" Nami nikaanza, na mama yako, tukacheka wote tumejishika kwenye kabati hilo hilo lililokwama.

Baba yako hakucheka. Akasema kwa upole, ule upole wake wa kuzimia taa, "Basi mama, tuache. Umejaribu."

Nikamwambia, "Tuache nini? Lingekuwa limepungua ningekaa kimya. Nguo pana hupunguzwa. Nguo fupi ndiyo inayokuwa kitambaa cha vumbi. Kabati hili ni pana. Fundi, lete msumeno."

Ilikuwa Alhamisi mchana, na Jumamosi haikuwa inangoja mtu. Tukalifungua lote. Nikapiga mistari kwa chaki yangu ya kushonea, kidole kimoja ndani kila upande, safari hii nikapima mara mbili na Bubu akapima mara ya tatu. Alikata Alhamisi yote iliyobaki na Ijumaa tangu asubuhi. Matundu ya skrubu ilibidi yatobolewe upya. Vile vipande vyembamba vilivyokatwa pembeni akataka kuvitupa. Nikamwambia, fundi nguo hatupi kipande. Tukavipigilia kwenye ukingo wa mbele wa kila rafu vikasimama kama kizingiti kidogo. Sasa mashine itetemeke itakavyo, chupa zikitembea zinafika kizingitini zinatulia. Hilo halikuwamo kwenye gazeti, lilitoka kwenye kosa. Ijumaa alasiri tukaliinua tena, tukahesabu tatu. Likateleza kati ya bomba na fremu kama droo. Bubu akaweka pima maji juu yake, kipovu kikakaa katikati, akainua nyusi zote mbili.

Jana ikafika.

Baba yako aliweka kiti mlangoni, akakaa na kikombe chake kama msimamizi wa mtihani. Mama yako alikuja kufanya kazi zake karibu karibu na chumba, ambazo kwa kweli hakuwa nazo. Mimi nikafunga kitambaa kichwani nikaanza. Mashuka sita. Mapazia, maana alisema mzigo wote, na mimi sichezi. Taulo, mashati, ovaroli ya mama yako ya kazini yenye grisi. Nilifungua mlango wa kabati, sabuni hii hapa mbele ya kifua changu. Dawa ya madoa hii hapa. Vibanio hivi hapa. Mkono unakwenda na kurudi bila kuuliza njia. Sikuinama, sikujinyoosha. Mashine ikakamua, ikapiga kelele zake, chupa zikajaribu safari yao zikagonga kizingiti, na mimi nikamtazama baba yako. Alikuwa ameacha kunywa chai.

Zilipokauka nikapiga pasi, shati la mwisho nikalitundika. Sijapanda kitu. Nikasema, "Msimamizi, kusanya karatasi."

Baba yako akainuka, akaliangalia kabati juu mpaka chini. Akasema ni zuri kweli, na kwamba kwa kuwa ni zuri ataweka masanduku yake ya safari juu kabisa, kule kwa watu warefu. Akalibeba moja. Akainua mikono. Hakufika. Unajua kimo cha baba yako. Kimo hicho alikipata kwangu. Basi bila kufikiri, huku anazungumza, akasogeza ndoo kwa mguu, akaipindua, akapanda.

Nilingoja mpaka akawa juu kabisa na sanduku kichwani.

"Mkwe wangu," nikamwambia mama yako, lakini kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, "huyu naye atafutiwe mtu, au apumzike tu sebuleni?"

Mama yako alitoka mbio akaenda kucheka jikoni. Baba yako alibaki pale juu ya ndoo, hashuki, hapandi, sanduku limemkaa kichwani, masikio yamemwiva. Mwisho akashuka pole pole, nikamshika kiwiko, maana ndoo ile naijua tabia yake. Akatia mkono mfukoni akatoa ufunguo akanipa kiganjani. Hakuutupa mezani, alinipa. Kisha akasema, "Mama, na shati langu la Jumatatu lina doa kolani." Akaenda kulileta.

Nilitaka kulia nikakataa. Nikamwambia kwanza mbona ameliacha doa mpaka likalala.

Bubu alipita leo asubuhi kuangalia bawaba. Akasimama, akasimama, nikajua kuna neno linatafuta mlango. Akasema mama yake naye ana rafu ya mbinguni nyumbani, na je, ningeweza kwenda kumpima ukutani kwa chaki kama nilivyojipima? Nitakwenda Jumatano. Nimemwambia magazeti nitakata mimi, ila safari hii mkasi utashikwa na mkono wa kushoto, ule usiojua kushona.

Basi na wewe lile neno lako ulirudishe. Ukipiga simu uniulize kazi inaendaje. Na ukija likizo, uje na nguo zako chafu zote kwenye begi, usizifue huko kwa kunionea huruma. Nikiona hata moja safi nitakasirika. Kipimo chako nimekwisha kukiwekea nafasi ukutani, mama yako atakuchora.

Baba yako anakusalimu, hasemi sana wiki hii. Mama yako anasema ule, na mimi nasema hivyo hivyo kwa ukali zaidi. Mdogo wako, Bwana Usingizi, anakusalimu akiwa amelala. Nisalimie na yule mwenzako wa chumbani aliyenitumia kitambaa cha bluu. Mwambie nimekishona, na nafasi ya mshono niliacha mahali panapostahili.

Mungu akulinde unapotoka na unapoingia, akupe afya ya mwili na watu wa kukucheka ukikosea. Hapa naweka kalamu, mashine imenyamaza na mashuka yananiita.

Wako akupendaye hata akigomba,

Bibi yako, mwenye ufunguo.